Kari ya Kijapani msimu wa kipupwe: Kuna nini ndani ya kibonge?

Safu hii imepata barua kutoka kwa mama mmoja wa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Anasema mwanawe amerudi kutoka Dar es Salaam na boksi dogo lenye picha ya wali na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, na maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma. Kijana ameambiwa na rafiki zake kwamba hicho ni chakula cha Wajapani cha wakati wa baridi, kwamba kinashibisha na kutia joto mwilini, na kwamba mapishi yake ni dakika chache tu. Mama anauliza mambo mawili: Je, ni halali? Na je, kinafaa kwa watoto katika baridi hii?

Swali la mama huyu limekuja wakati wake. Wenzetu wa Pwani wakisikia neno baridi hucheka, lakini aliyewahi kulala Karagwe au Kyerwa mwezi wa Juni na Julai anajua. Miinuko ile ni ya zaidi ya meta elfu moja na mia tano kutoka usawa wa bahari katika sehemu nyingi, na usiku wa kipupwe mtu hatoki nje bila shuka. Watu hujikunyata jikoni, jiko la mkaa linaingizwa ndani, na sufuria moja kubwa inapikwa ili chakula kitoshe jioni na asubuhi. Humo ndani ya mazoea hayo kuna hatari mbili ambazo mama hakuuliza, nasi tutazieleza mbele Insha-Allah. Kwanza tujibu alichouliza.

Kibonge kina nini?

Kari ya Kijapani si mchuzi mwepesi kama tunaoupika sisi. Ni mchuzi mzito, karibu kama uji, wenye vipande vikubwa vya nyama, viazi mviringo, karoti na vitunguu, wenye utamu kidogo na pilipili kidogo. Uzito wake unatokana na unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta, ukachanganywa na bizari. Mchanganyiko huo ndio ambao viwanda vya Japani huugandisha ukawa kibonge mfano wa chokoleti. Mpishi anachemsha nyama na mboga, anavunja kibonge, anakitumbukiza, na mchuzi umekwisha.

Basi tatizo liko kwenye yale mafuta. Ili kibonge kigande vizuri, viwanda vingi hutumia mafuta ya wanyama, na katika bidhaa nyingi zinazouzwa ndani ya Japani mafuta hayo ni mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Nyingine huongezwa supu iliyokaushwa ya nyama ya nguruwe au ya kuku, na kuku huyo hakuchinjwa kisheria. Kwa hiyo boksi lenye picha ya karoti na viazi peke yake linaweza kuwa na nguruwe ndani yake, na hukumu ya nguruwe iko wazi katika Suratul Maidah, aya ya 3. Hilo halihitaji mjadala.

Hata hivyo si vibonge vyote viko hivyo. Vipo vinavyotengenezwa kwa mafuta ya mimea tu, na vipo vyenye nembo ya halali, kwa kuwa Wajapani siku hizi wanauza sana Malaysia na Indonesia na wanapokea wageni wengi Waislamu. Ushauri wetu kwa mama wa Rubwera ni huu: kama boksi lina nembo ya halali ya taasisi inayojulikana, atumie. Kama halina, asikisie kwa kutazama picha. Simu ya kijana wake ina uwezo wa kupiga picha maandishi na kuyatafsiri, afanye hivyo, na akiona neno nguruwe, au neno mafuta ya wanyama bila kutajwa mnyama gani, aliweke kando. Pia atazame kama bidhaa ina alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa la TFDA. Alama ya TBS haithibitishi uhalali, inathibitisha viwango. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi huyachanganya.

Kuna jambo jingine ambalo nembo ya halali hailiondoi, nalo ni chumvi. Sahani moja ya kari iliyopikwa kwa kibonge huweza kuwa na zaidi ya gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Mzee mwenye shinikizo la damu akila sahani mbili amekwisha maliza karibu fungu lake lote la siku, na bado hajala kifungua kinywa.

Wanamaji na ugonjwa wa miguu

Kabla ya kwenda jikoni, nampa msomaji kisa kimoja, maana kina faida kwa watu wa nchi ya ndizi.

Kari haikuanza Japani. Waingereza waliichukua India, wakaisaga kuwa unga wa makopo, na unga huo ukafika Japani katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama za Mfalme Meiji. Wakati huo jeshi la wanamaji la Japani lilikuwa linakufa kwa ugonjwa uitwao beriberi: miguu inavimba na kufa ganzi, moyo unachoka, mtu anaanguka. Katika safari moja ndefu ya meli iitwayo Ryujo, iliyoanza mwishoni mwa 1882 na kurejea 1883, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua, na 25 wakafariki. Daktari wao, Takaki Kanehiro, aliyesomea London, aliona kwamba mabaharia wa kawaida walikuwa wakila wali mweupe karibu peke yake. Mwaka 1884 akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ile ile, lakini mabaharia wapewe nyama, maziwa, mkate na mboga. Waliougua walikuwa wachache sana na hakufa mtu.

Takaki alidhani upungufu ulikuwa wa protini. Baadaye ikajulikana kuwa ni upungufu wa vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na ganda la mchele unapokobolewa. Lakini dawa yake ilifanya kazi, na kari ikawa njia nyepesi ya kuwafanya mabaharia waliozoea wali wale nyama, mboga na unga wa ngano katika sahani moja bila kulalamika. Kitabu cha mapishi cha jeshi hilo cha mwaka 1908 kina maelekezo yake. Hadi leo wanamaji wa Japani hula kari kila Ijumaa, na husemwa ni ili baharia aliyepotelewa na hesabu ya siku huko baharini ajue wiki imefika wapi. (Nasi Ijumaa yetu ina pilau, kwa hiyo hatuwezi kuwacheka.)

Kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu Karagwe na Kyerwa hakuna njaa. Kuna ndizi, kuna maharage, kuna kahawa inayopita Chama Kikuu cha Ushirika KDCU na kuuzwa nchi za nje. Lakini ukiingia katika nyumba nyingi utakuta mtoto wa miaka miwili ameshiba ndizi tupu na mchuzi wa chumvi. Ndizi inatia nguvu, lakini protini yake ni ndogo na madini ya chuma ni machache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si lazima awe mtoto aliyelala na njaa. Mara nyingi ni mtoto aliyelishwa kitu kimoja kila siku, kama baharia wa Ryujo.

Kuipika bila kibonge

Sasa tuje jikoni. Kibonge hakihitajiki. Vyote viko sokoni Rubwera, Nkwenda au Omurushaka.

Kwa watu sita chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe au mbuzi iliyochinjwa vizuri, vitunguu maji vikubwa vitatu, karoti tatu, viazi mviringo vinne, nyanya mbili, kipande cha tangawizi na punje chache za kitunguu saumu. Asiye na viazi atumie ndizi mbichi sita zilizomenywa na kukatwa vipande vinene. Asiye na nyama atumie maharage yaliyokwisha kuchemka mpaka yakaiva kabisa, vikombe vitatu. Kwa kweli katika nyumba yangu maharage ndiyo yanayopendwa zaidi, na gharama yake haifikii robo ya nyama.

Vitunguu ndiyo siri. Vikate vyembamba, uvikaange kwa mafuta kidogo juu ya moto mdogo mpaka viwe rangi ya kahawa ya maziwa. Hii huchukua dakika ishirini hadi thelathini, na mwenye haraka atashindwa hapa. Weka tangawizi, saumu na nyama, geuza mpaka nyama ibadilike rangi, kisha nyanya, kisha maji lita moja na robo. Acha ichemke taratibu. Nyama ya ng'ombe wetu wa pembe ndefu ni ngumu, hivyo ipe saa nzima kabla ya kuweka karoti na viazi, vinavyohitaji dakika ishirini tu.

Wakati hayo yanachemka, shika sufuria ndogo kavu. Weka vijiko vinne vya chakula vya samli au mafuta ya alizeti, na vijiko vitano vya unga wa ngano. Koroga bila kuacha juu ya moto mdogo, dakika kumi hivi, mpaka unga ubadilike rangi uwe kama mchanga mkavu na uanze kunukia kama karanga. Epua. Ndipo uweke vijiko viwili vya bizari ya mchuzi, kwa kuwa bizari ikiwekwa motoni huungua na kuwa chungu. Huo ndio ule ule mchanganyiko wa kibonge, bila nguruwe na bila mlima wa chumvi.

Chota upawa mmoja wa supu, uyeyushe unga huo, kisha umimine wote kwenye sufuria kubwa huku ukikoroga. Utaona mchuzi unavyokuwa mzito mbele ya macho yako. Uache utokote dakika kumi zaidi na usiache kukoroga, maana sasa unashika chini upesi. Chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

Wajapani huongeza utamu kwa tufaha lililokunwa na asali. Kibonge chao kimoja mashuhuri, kilichoanza kuuzwa mwaka 1963, kimejengwa juu ya tufaha na asali kwa ajili ya watoto. Sisi tuna ndizi kisukari. Ponda moja iliyoiva sana uitumbukize, na kijiko kimoja cha asali. Ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chakula chenye asali kabisa, hata kikiwa kimepikwa, kwa kuwa asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga. Wapishi wa Kijapani huweka pia nusu kijiko cha chai cha kahawa ya unga ili mchuzi uwe na kina. Kahawa hiyo inasindikwa hapo hapo mkoani, Bukoba, kwenye kiwanda cha TANICA, kwa hiyo mtu wa Kagera hana udhuru.

Mwisho, kata majani ya maboga au mchicha, uyatie dakika tatu kabla ya kuepua. Wajapani hawafanyi hivyo. Sisi tufanye.

Neno moja kuhusu bizari. Manjano ya unga yenye rangi kali kupita kiasi isikuvutie. Mwaka 2019 watafiti walithibitisha kwamba huko Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi ili manjano ing'ae, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya haraka. Ukipata manjano nzima iliyokaushwa, nunua hiyo utwange mwenyewe.

Sufuria ya futari mpaka daku

Hapa ndipo penye hatari ya kwanza niliyoitaja, na akina mama wanisikilize vizuri, hasa wanaopika kwa ajili ya Ramadhani, maulidi na hitima.

Wajapani wenyewe wana msemo kuwa kari ya siku ya pili ni tamu zaidi. Na madaktari wao hao hao wanatoa onyo juu yake kila mara. Kuna kijidudu kinachoitwa Clostridium perfringens, kinachopatikana kwenye udongo, kwenye utumbo wa wanyama na hivyo kwenye nyama na mboga. Ukichemsha, kijidudu kinakufa lakini mbegu zake hubaki hai, maana zinastahimili moto wa kuchemka. Sufuria inapoepuliwa na kuanza kupoa taratibu, ikifika joto la uvuguvugu, mbegu zinachipua na kuongezeka kwa kasi kubwa. Mchuzi mzito unawapendeza kuliko mchuzi mwepesi, kwa sababu hewa haipiti ndani yake na katikati hubaki na joto kwa saa nyingi.

Mtu atasema: lakini Rubwera ni baridi, chakula hakiharibiki. Hilo ndilo kosa lenyewe. Baridi ya usiku inapoza ukingo wa sufuria, haifiki katikati. Sufuria ya lita ishirini iliyofunikwa saa mbili usiku, daku ikifika utaweka mkono na kuona bado ina uvuguvugu. Haina harufu mbaya, haina povu, ladha ni ile ile. Watu wanakula, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili, wengine mapema au baadaye kidogo, tumbo linawakata na kuharisha kunaanza kwa wote waliokula. Kwa mtu mzima mwenye afya huisha ndani ya siku moja. Kwa mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, maji yakimtoka anaweza kufika pabaya, na wakati wa funga mtu hanywi maji ya kuyafidia. Huyo anapasa kufungua, apewe maji ya chumvi na sukari ya ORS, na akizidiwa apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Dawa ni rahisi. Pika kinachotosha kuliwa. Kama ni lazima kibaki, usikiache kwenye sufuria kubwa: kigawe kwenye mabakuli au sufuria pana zenye kina kifupi mara tu watu wanapomaliza kula, uziweke ndani ya beseni la maji ya baridi, ukoroge mara kwa mara na kubadilisha maji mpaka zipoe kabisa ndani ya saa mbili. Zifunike kwa kitambaa safi au kawa, kwani kufunika vyombo usiku ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yanayojulikana na kila mtoto wa madrasa. Wakati wa kula, usipashe tu mpaka ivukize. Ichemshe itokote yote, ukikoroga kutoka chini, kwa dakika kadhaa. Asiye na jokofu asivushe zaidi ya usiku huo mmoja.

Lakini njia ninayoipenda zaidi ni nyingine. Ule unga uliokaangwa kwa samli na bizari ni mkavu, hauna maji, na vijidudu hivyo havistawi humo. Tengeneza mara mbili au tatu ya kipimo, uache upoe, uweke kwenye chupa safi kavu yenye kifuniko, na uchote kwa kijiko kikavu. Katika hali ya hewa ya Karagwe utakaa wiki mbili bila tatizo. Hapo daku haihitaji mchuzi wa jana: chemsha karoti na ndizi, weka vijiko vitatu vya unga wako, na baada ya nusu saa una chakula kipya. Mama wa Rubwera atakuwa na kibonge chake mwenyewe.

Jiko litoke nje

Hatari ya pili ni ya jiko. Mapishi haya ni ya saa moja na nusu au zaidi juu ya mkaa, na watu wa baridi hupenda jiko libaki ndani baada ya kupika, mlango na madirisha yafungwe, watoto walale kwa joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haikohozeshi kama moshi wa kuni, na mkaa unaoonekana mwekundu na usio na moshi ndio unaomdanganya mtu. Hewa hiyo inashika mahali pa oksijeni katika damu. Anayelala haamki.

Dalili kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na alama kubwa ni kwamba watu kadhaa wa nyumba moja wanasikia hivyo kwa wakati mmoja. Watu hudhani ni malaria au chakula kibaya. Fungua milango, toa kila mtu nje, na anayechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali hata kama ameanza kupata nafuu. Imepokewa kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake, na Mtume (s.a.w.) akawaamrisha watu wazime moto wanapokwenda kulala. Wengi tunalichukulia jambo hilo kuwa la taa na mishumaa tu, na jiko tunalisahau.

Kwa hiyo pika jikoni penye dirisha wazi au barazani, na ukimaliza jiko libaki huko huko. Joto la usiku litafutwe kwenye blanketi, na kwenye sahani iliyoliwa ikiwa ya moto.

Ama swali dogo la mwisho la mama, kama inafaa kuliwa na ndizi badala ya wali: inafaa, na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Chemsha ndizi peke yake na chumvi kidogo, zisiponde, umimine kari juu yake. Mwenye mchele asichange vyote viwili kwenye sahani moja ya mtoto. Sehemu hiyo iachiwe maharage au nyama.